Mbwa wa Shamba la Mama

Mama aliamua kuleta mbwa siku ileile alipokatazwa.

Aliyemkataza ni baba mdogo, mdogo wake marehemu baba. Alikuja asubuhi akasimama ukingoni mwa shamba letu, upande unaopakana na msitu wa Ngorongoro, akatazama mahindi yaliyolazwa chini na nguruwe pori. Pole hakusema. Alisema hii ni mara ya pili tangu kaka yake afariki, na kwamba nguruwe wakila tena msimu ujao, ataleta plau na ng'ombe wake alime mwenyewe. Karatu nzima ilijua maana ya mjane kulimiwa shamba na shemeji yake. Unabaki na nyumba, na mboga unachuma kando ya njia. Mama akamwambia atatafuta mbwa wa kulinda. Baba mdogo alicheka mpaka akashika mti.

"Shemeji, mbwa anamfuata mwanaume. Nyumba haina mwanaume, sasa huyo mbwa atamtii nani?"

"Atamtii anayempa ugali."

"Haifai. Usilete."

Nilikuwa msichana wa darasa la sita, na nilimchukia papo hapo. Mpaka leo sijamaliza kumchukia, ingawa kanisani tunaambiwa tusamehe na mimi naitikia amina kama wengine.

Ilikuwa miaka ile mpaka wa Kenya umefungwa, magari ya watalii yanayopanda kwenda Kreta ya Ngorongoro yamekuwa ya nadra, sabuni inatafutwa kama dawa na sukari ni ya mgawo. Katika hali hiyo mama akaanza kumwandalia mbwa makazi. Watu wakasema upweke umemchanganya. Yeye alichukua pipa bovu lililokuwa likikinga maji ya mvua, akalilaza ubavu, akazigonga kingo zake kwa nyundo zisije zikamkata mtoto wa mbwa. Mimi nilitumwa kwenye mashamba makubwa ya ngano kuokota mabua baada ya mashine kupita. Tukamwaga majivu ya jikoni kwanza, kwa ajili ya viroboto, kisha tukatandika mabua juu yake. Mdomo wa pipa mama aliuelekeza shambani. Jirani yetu mmoja, mama wa kwaya, alishauri uelekezwe nyumbani ili mbwa amzoee mwenye nyumba.

"Mimi atanizoea tu," mama akamjibu. "Nataka awazoee nguruwe."

Shida kubwa ilikuwa maziwa. Tulikuwa na ng'ombe mmoja tu, naye alikuwa karibu kukauka. Basi mama akaacha kutia maziwa kwenye chai yake, akanipunguzia na mimi, mbwa mwenyewe hata hajafika. Nilipolalamika aliniambia tuanze mapema kuzoea, tusije tukamwonea mgeni choyo. Yule mama wa kwaya aliposikia, alisema kumpa mbwa maziwa ya watoto ni dhambi. Mama alikuwa anapeta maharage. Hakuinua hata uso.

"Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji," alisema, na jirani akaenda zake amevuta mdomo.

Kwetu mbwa hakununuliwa, wala hakuombwa bure. Ulipeleka kitu chenye uhai, na aliyekupa mbwa alikitazama kitu hicho akajua unamthamini mbwa wake kiasi gani. Wengi walipeleka kuku mgonjwa wakidhani wamejua kupunguza hasara. Mama alikamata tetea wetu aliyekuwa katikati ya kutaga. Nililia. Akaniambia nilie njiani, maana safari ya kwenda kijiji cha Daa kumchukua mbwa ni ndefu.

Mzee wa Daa aliyekuwa na watoto wa mbwa alimpokea yule tetea, akampapasa tumboni, akatabasamu. Kisha akafanya kama walivyofanya wafugaji wote wa mbwa kwetu: akamwinua mtoto mmoja mmoja kwa ngozi ya shingo na kumning'iniza. Anayenyamaza ndiye jasiri, huyo ndiye wa kuchukua. Anayelia ni mwoga, wa kuachwa. Alikuwepo dume mmoja mweusi aliyening'inia kimya, hata mkia hautikisiki. Mzee akamsogeza kwa mama kwa heshima kabisa. Pembeni kulikuwa na kijike cha rangi ya majivu. Hicho kilipoinuliwa tu kilipiga ukelele mpaka kuku wakatawanyika.

"Nipe huyo," mama akasema.

"Mama, huyo ni mwoga. Utanilaumu."

"Nguruwe hafukuzwi kwa kunyamaza, baba. Nataka anayepiga kelele akiguswa."

Mzee alitazama huku na huku akitafuta mwanamume wa kumsaidia kubishana. Hakumwona.

Mama hakuwa mkaidi wa kila kitu. Ile desturi ya kumfunika mtoto wa mbwa asiione njia ya kurudia kwao aliifuata; tulimtia kikapuni tukafunga kitenge juu. Nilimbeba mimi. Alilia, akatapika, akajisaidia, na kufikia nusu ya njia gauni langu lilikuwa halifai hata kwenda kisimani. Nilikuwa naogopa mbwa, sitaficha. Lakini nilivyohisi moyo wake ukidunda kwenye ubavu wangu, nikajikuta namwambia anyamaze, tumemtandikia mabua.

Baba mdogo alikuwa anatungoja uani. Amekwisha kulikagua pipa na kulisogeza kwa mguu, mdomo sasa ukitazama nyumba. Aliponiona alininyooshea mkono.

"Lete hapa. Nitamlea kwangu, akikomaa nitawaletea. Mbwa akiingizwa bomani na mwanamke hatabweka maisha yake yote."

Kwetu mkubwa akinyoosha mkono, mtoto anatoa. Hakuna mjadala. Vidole vyangu vilianza vyenyewe kulegea kwenye mpini wa kikapu. Nikamtazama mama. Alikuwa ameinama, analirudisha pipa lilipokuwa.

"Mwanangu, pita naye."

"Shemeji," baba mdogo akasema, sauti imepanda, "mimi siwezi kuacha shamba la kaka yangu lichezewe."

Mama akanyooka, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Hili ni shamba langu."

Sikuwahi kumsikia akisema hivyo. Siku zote lilikuwa shamba la marehemu, shamba la baba yako, shamba la nyumba. Baba mdogo alisubiri, nadhani, alirekebishe lile neno. Mama hakulirekebisha. Mkono wa baba mdogo ulikuwa bado umenyooshwa nilipoinama, nikapita chini yake na kikapu changu kinachonuka na kupiga kelele.

Msimu ule tulilala kwenye dungu, kile kichanja cha kulindia, katikati ya mahindi, mama akigonga debe, mimi nikipiga mayowe, na kile kijike kikibweka mpaka sauti ikakikauka. Nguruwe walikula mistari ya pembeni. Iliyobaki tulivuna wenyewe, na plau ya baba mdogo haikuja. Mama alilima pale mpaka uzee ukamtoa jembe mkononi. Alipofariki tulimzika kwenye kona ya shamba, upande wa msitu, na katika watu wote waliokuja kuzika hakuna aliyethubutu kuuliza ardhi ile ni ya nani.