Jani ya Lori Chini ya Pikapu Yetu

Rafiki yangu, kaa karibu kidogo. Habari hii sijaambia watu wengi. Wewe nakuambia kwa sababu najua utasikiliza mpaka mwisho. Mimi nimesoma shule ya jioni tu, ile ya watu wazima, basi naandika vile tunaongea huku kwetu.

Sisi tulikuwa tunakaa Koboko, huku Uganda, karibu na mpaka wa Congo. Bwana yangu alikuwa na pikapu moja kuukuu, ya kubeba watu na mihogo mpaka Arua. Miaka hiyo ya serikali ya askari vitu vilipotea madukani. Sabuni hakuna, chumvi hakuna, na springi ya gari ndiyo usiulize. Pikapu yetu ilikuwa imeshuka nyuma. Majani ya springi, zile chuma bapa zinazopangwa juu ya ekseli, yalichoka, mengine yamekatika kabisa, na kila shimo bodi inagonga ekseli mpaka unasikia kwa meno. Bwana yangu alizoea. Mimi pia nilizoea.

Lakini mwaka huo mtoto yangu wa kwanza, msichana, alikuwa na mimba. Mimba yake ya kwanza mtoto alifia tumboni. Hii ilifika mwezi wa mwisho, na mkunga wa Koboko akamshika tumbo, akashika tena, halafu akaniita kando.

"Mama, mtoto amelala upande. Hapa hakuna daktari wa kupasua. Mpeleke Arua kabla uchungu haujaanza. Na asirushwe njiani."

Basi ya abiria hakuna. Gari ya hospitali iko, petroli hakuna. Ilibaki pikapu yetu, na petroli kidogo ya akiba.

Tukaenda kwa fundi, mtu aliyetengeneza magari ya jeshi zamani. Akaingia chini ya gari, akakaa huko, akatoka anajifuta mikono.

"Mzee, hii si gari. Hii ni kitanda ya kamba."

"Inue nyuma," bwana yangu akasema. "Nina mgonjwa."

Fundi akatuambia njia zake. Anaweza kuchonga mbao ngumu, aweke kati ya ekseli na springi, akaze na yuboliti, ile chuma ya kupinda yenye nati. Gari inapanda leo leo, lakini springi inabaki ile ile iliyochoka, na mbao ikipasuka njiani ekseli inahama. Ama anatoa majani yote, anatia kwa moto, anapiga mpaka yanapinda tena kama zamani. Hiyo inakuwa laini, lakini chuma ya kupikwa mara ya pili haina nguvu, inaweza kukatika siku yoyote. Ama iko jani moja ya lori ya jeshi iliyokufa. Anaikata, anaipanga chini ya zile zetu.

"Hiyo haitashuka mpaka Kiyama," akasema. "Lakini ni ngumu. Gari ikiwa tupu inaruka kama punda."

Mimi nikasema, "Chukua ya moto. Si umesema ni laini?"

"Mama ya watoto," bwana yangu akasema pole pole, "na ikikatika kati ya njia, yeye akiwa nyuma?"

Nikaiacha hiyo ya moto.

Fundi akatuangalia sisi wawili. "Mimi pia iko na mke nyumbani. Nafunga jani ya lori, halafu nyinyi mnapakia magunia ya mchanga. Mchanga unakalia springi, springi inatulia. Juu ya mchanga mnaweka godoro. Atalala kama malkia."

Mtoto yangu aliposikia hiyo akacheka, akasema yeye sasa ni malkia wa mchanga.

Tulitoka baada ya swala ya alfajiri. Mimi nilikaa nyuma, kichwa chake kwenye miguu yangu, nikisoma dua. Na kweli, ule mchanga ulifanya kazi. Gari ilikuwa inayumba tu, kama mutu anabembeleza mtoto. Akaniambia, "Mama, leo naweza hata kulala." Akalala kidogo. Nikamshukuru Mungu.

Karibu na Arua askari walikuwa wamefunga barabara. Sasa hapa kuna jambo ambalo sisi watu wa Koboko tulipaswa kulifikiria, na hakuna aliyelifikiria. Siku hizo kahawa ilikuwa inavushwa kwa siri mpaka wa Vurra kwenda Congo. Watu wa magendo walikuwa wanafunga majani ya lori kwa pikapu, ili gari ikijaa isionekane imeshuka. Askari walishajua. Hawakuangalia tena mzigo kwanza, walikuwa wanainama kuangalia springi. Gari yetu ile iliyoshuka walikuwa wanaipitisha kila wiki bila neno.

Askari kijana akainama. Akakaa hapo chini muda mrefu.

"Mzee, tako ya gari yako iko juu kama ya bata. Na hii jani iko na rangi ya jeshi. Umetoa wapi?"

"Kwa fundi, afande. Nina mgonjwa."

"Mgonjwa mmoja anataka springi ya lori? Na magunia ni ya nini?"

"Ni mchanga."

"Mchanga." Akageukia wenzake. "Mzee analetea Arua mchanga. Arua haina mchanga." Wakacheka wote.

Nikamwambia kwa Kinubi, lugha yetu na ya askari wengi, "Mwanangu, baba yangu alikuwa askari kama wewe. Angalia tumbo ya dada yako."

Akaangalia. Hakucheka tena. "Mama, juzi mwanamke alipita hapa na tumbo kama hiyo. Ilikuwa kahawa."

Wakatushusha. Mtoto yangu akakaa kwenye nyasi kando ya barabara. Wakapasua magunia kwa kisu, moja moja, wakamwaga yote chini, wakachokoa kwa chuma. Mchanga tu. Lakini ile rangi ya jeshi ilibaki, na kwa hiyo ilibidi kumngoja mkubwa wao. Jua likapanda. Uchungu ukaanza hapo hapo. Alishika mtandio wangu akauvuta mpaka ukachanika, na mimi nikamwambia pumua, mkubwa anakuja.

Mkubwa alikuja mchana. Akaangalia springi, akamwangalia mtoto yangu, akapunga mkono tu tuende.

Mchanga ulikuwa barabarani, magunia yamepasuka. Ungeuzoa uutie wapi? Tukaenda gari tupu. Bwana yangu aliendesha kama mutu anayebeba mayai, lakini ile jani ilikuwa inatutupa juu, kila shimo. Nikalala mimi chini, nikamlaza yeye juu ya mwili yangu. Alikuwa analia. Kabla hatujaingia mjini akanyamaza, na hiyo ndiyo iliniogopesha.

Hospitali walimpokea mbio, walifanya walichoweza. Mtoto alikuwa wa kiume, viungo vyote kamili, na nywele nyingi. Hakupumua. Mama yake alipona, lakini kizazi walikitoa. Tulimzika mtoto Arua, kwa sababu nani angembeba tena kwa gari ile.

Bwana yangu huniuliza, "Kama tungepiga kwa moto?" Nimezipita njia zote kichwani. Mbao ingepasuka. Chuma ya moto ingekatika. Na ile gari iliyoshuka ingemuua kwa kugonga. Hakuna njia hata moja ambayo mtoto yangu anafika na mtoto wake hai.

Mume wa mtoto yangu, alipojua hatazaa tena, alimrudisha kwangu. Yuko hapa, anafua, anapika, haongei sana. Swala sijaacha hata moja, na sitaacha. Lakini sitakudanganya: jibu ya kwa nini ilikuwa hivyo sijapata, na sidhani nitapata.

Wewe uliyesoma, usiiweke habari hii peke yako. Msomee mutu mwenye gari, na msomee askari ukimpata ametulia. Mwambie akiinama kuangalia springi, ainuke pia amwangalie aliyelala juu ya gari.