Samaki wa Mkamwana

Tangi nililinunua mimi. Nalisema hili mwanzo kabisa kwa sababu nyumbani kwetu Ipyana hakuna anayelikumbuka. Nilipolipwa kwa hadithi yangu ya kwanza, nililipakata kutoka Mbeya, limeviringishwa kwa khanga zangu, nikaliweka sebuleni chini ya dirisha ili baba, ambaye magoti yake hayamfikishi tena kwenye shamba la kakao, apate kitu cha kutazama. Samaki ndiye aliyetoka kwa wifi yangu, mke wa kaka. Kwao ni Lyulilo. Ndugu zake walimnasa kwenye miamba ya ziwani huko Matema wakamleta ndani ya ndoo: samaki wa buluu mwenye milia myeusi, urefu wake kama kidole cha kati. Basi baba akamwita samaki wa mkamwana. Kioo, pampu ya hewa, mawe niliyoyaokota mwenyewe ufukweni, vyote vikamezwa na jina hilo.

Baba na wifi hawaonani. Mila inamtaka mkamwana amkwepe baba mkwe, asimtazame, asikae naye chumba kimoja, asimsemeshe. Majirani wengi wameilegeza, kwetu haijalegea. Baba akiwa sebuleni, wifi yuko jikoni uani. Baba akitoka kwenda kuongea na wazee wenzake, wifi anaingia kufagia, na akisikia kikohozi chake njiani anatokea mlango wa nyuma, hata ufagio akiuacha umelala katikati ya chumba. Kaka yuko Malawi na biashara zake muda mwingi wa mwaka. Kwa hiyo neno lolote kati ya hao wawili lilipita kwangu.

"Mwambie mwenzio ndizi za leo zimeiva vizuri."

"Wifi, mwambie baba dawa yake ya kuchua nimeiweka dirishani."

Sikupenda sifa alizokuwa akimwagiwa wifi, lakini nilipenda zipite kinywani mwangu kwanza. Mimi ni mtu wa maneno. Za wifi nilizipunguza chumvi kidogo, za baba nikaziongeza, na nyumba ikaenda.

Kisha nikaalikwa Mbeya kwenye warsha ya waandishi, nikakaa huko hadi mvua zilipoanza. Niliporudi, baba hakuniuliza riwaya yangu imefika wapi. Alinishika mkono mlangoni akaniambia, "Samaki wa mkamwana hali."

Maji yalikuwa na ukungu. Samaki alining'inia karibu na uso wa maji, mapezi ameyabana mwilini, mdomo ukifunguka na kufungika kama anayehesabu kimoyomoyo. Buluu yake ilikuwa imechujuka ikawa ya shati lililofuliwa kupita kiasi. Nikamdondoshea punje ya usipa, dagaa wetu wa ziwani. Ikapita mbele ya jicho lake, ikazama hadi mchangani.

"Anamkumbuka mwenyewe," baba akasema.

"Mwenyewe nani? Mimi ndiye niliyekuwa safarini."

"Wewe ulileta kioo, mama."

Nilikwenda jikoni moja kwa moja. Wifi alikuwa anapepeta mchele.

"Wifi, tangi umelisafisha kwa sabuni?"

"Sabuni!" Akaweka ungo chini. "Mimi nimekulia majini, nimsugue samaki kama sahani? Labda ni marashi yako ya Mbeya. Toka umeingia hata mimi kichwa kinaniuma."

Akacheka, na kicheko chake kizuri kikanichoma zaidi. Nilitaka iwe sabuni. Nilitaka baba, mara moja tu, aniulize mimi, "Mwenzio amefanya nini?" nami ninyamaze kwa huruma.

Nikampigia simu fundi aliyeniuzia tangi.

"Maji yananukaje?" akauliza.

"Kama jaruba la mpunga lililosimama."

"Choo chake?"

Nikainama kutazama. "Uzi. Mweupe, mwembamba."

"Tumbo hilo. Nani anamlisha?"

"Baba."

"Peke yake?"

Nilikuwa karibu kusema ndiyo. Nikatazama tena mchangani. Katikati ya usipa uliooza, pembeni ya jiwe, kulikuwa na punje za wali zilizovimba zikaota manyoya meupe. Baba hajawahi kuingia jikoni kuchota wali.

Nilimwuliza kwanza yeye. "Nampa usipa asubuhi na jioni," akasema. "Nani mwingine ampe? Mwenzio namheshimu. Siwezi kumfanya aje huku sebuleni kwa ajili ya samaki."

Nikavuka ua. "Baba akishatoka, nampa," wifi akasema. "Wali, usipa. Mzee wa watu na magoti yale, ataweza kuinama?"

Ndivyo samaki alivyougua. Kila mmoja alimlisha kwa ajili ya mwenzake, na hakukuwa na mtu wa kupeleka habari. Nilipaswa kusikitika. Moyo wangu, Mungu anisamehe, ulichanua. Bila mimi nyumba hii haiwezi hata kulisha samaki!

Fundi alitoa masharti: asipewe chakula kabisa kwanza, uchafu wote uondolewe, maji yapunguzwe kidogo kila siku na kujazwa mengine yaliyolala chomboni, yasiwe ya baridi. Baadaye apewe majani laini, kwa kuwa huko miambani samaki wa aina hiyo hukwangua ukijani wa mawe, na usipa mwingi humvuruga. Nikaufungia mkebe wa usipa chumbani kwangu. Kwa siku zile samaki alikuwa wangu. Nilimtazama kuliko nilivyoutazama mswada wangu. Ila chombo kikubwa cha kulazia maji kilikuwa chungu cha Lyulilo, cha wifi, na nilikijaza huku nimekunja uso.

Alasiri moja nilikuwa nimepiga magoti na mpira wa kunyonyea maji. Baba alikaa nje barazani, mgongo ameuelekeza dirishani. Wifi alikuwa amesimama nje ya mlango wa nyuma, nyuma ya pazia, akisubiri nimpe ndoo ya maji machafu.

"Mwambie mwenzio leo pia asimpe kitu," baba akasema.

Nilikuwa nimevuta mpira kwa nguvu mno. Kinywa changu kilijaa maji ya tangi, usipa uliooza na yote. Nikabaki nimevimbisha mashavu, natafuta ndoo kwa mikono.

Kisha sauti ikatoka nyuma ya pazia, ndogo, yenye adabu.

"We samaki, leo hupewi kitu. Umesikia?"

Nilitema. Nilifungua kinywa kudaka neno hilo, lakini baba alishageuza kichwa kidogo upande wa dirisha.

"Samaki," akasema, "kumbe walikuwa wanakupa wali?"

"Samaki, sema wali ulikuwa kidogo tu."

Baba akacheka hadi akakohoa. Sijui kama mila inaruhusu. Hakuna aliyemtazama mwenzake, hakuna aliyemsemesha mwenzake, walimsemesha samaki. Mimi nilikuwa katikati yao, kidevu kikinidondoka maji, na hakuna aliyenituma kitu.

Siku zikapita, maji yakaonyesha mchanga, mapezi yakafunguka. Asubuhi moja niliteremsha jani la mchicha lililochemshwa. Samaki akalizunguka, akarudi nyuma, akalidonoa. Akalidonoa tena. Nikatoka mbio hadi barazani.

"Baba! Amekula!"

"Ndaga fijo, mama," akanishukuru, macho yake barabarani. "Nimesikia. Jana jioni alidonoa kidogo. Mwenzio alikuwa anamsifia kwa sauti alipokuwa anafagia."

Nikavuka ua kumwambia wifi kwamba baba amefurahi sana.

"Nimemsikia," akasema, mikono yake ndani ya unga. "Nipitishie huo mwiko, wifi."

Nikampitishia.