Sare Niliyowashonea Mfaransa na Mwingereza

Jamani, leo nacheka, lakini siku ile ningeona shimo ningejifukia mwenyewe.

Mimi ni fundi cherehani, mtu wa Tanga, nakaa Bellevue, hapa Johannesburg. Solange, Mfaransa, na Harriet, Mwingereza, walikuwa wanafungua duka la nguo Braamfontein, wakaniambia niwashonee kila mmoja gauni la siku ya ufunguzi, yakipendeza basi nguo zangu zitauzwa dukani kwao (nafasi niliyoililia tangu nije Joburg!). Solange akataka bluu iliyokolea, isiyo na mbwembwe, aonekane hakuhangaika kuvaa, ingawa kwenye kioo alikaa mpaka nikachoka mimi. Harriet, anayevaa maua juu ya mistari na viatu vya kijani, na wa kwanza kujicheka ni yeye, akasema, "Nipe rangi, watu wakiniona watabasamu!"

Hapo Utanga ukaniponza. Kwetu shughuli bila sare ni shughuli gani? Nikanunua jora la kitenge, bluu ya kumridhisha Mfaransa, tausi wa njano wa kumridhisha Mwingereza, nikashona magauni matatu yenye mikono mipana, marinda na vilemba, la tatu langu. Jirani yangu Mama Furaha, Mkongo, akanionya, "Eish, bale bazungu habapendake kufanana." Nikamwambia ana wivu.

Nikayapeleka wageni wakikaribia kuingia (makusudi, wasipate muda wa kubadilisha). Harriet akalivaa palepale akicheka. Solange akalitazama gauni, akanitazama mimi, akasema, "Bon," yaani haya, vizuri, kwa sauti ya mtu aliyefiwa.

Tukasimama wote watatu mlangoni, sare safi. Mgeni wa kwanza kumaliza kinywaji akamkabidhi Solange glasi tupu, wa pili akaniuliza choo kiko wapi, kumbe wanadhani sisi ndio wahudumu! Mimi kwa aibu nikaanza kukusanya sahani kweli, Harriet akaona huo ni mchezo, akabeba sinia akigawa sambusa na kuinamia kila mtu, na Solange akatoweka. Nikajua duka nimelikosa. Nililia kidogo nyuma ya pazia la kujaribia nguo.

Nilipotoka, Solange naye anarudi, mkasi mkononi. Mikono ya gauni hakuna, marinda hakuna, limebaki kama shati juu ya jinzi yake kuukuu, kilemba kiko shingoni, nywele timtim. Watu wote wakageuka. Harriet naye kabandika kuku wa plastiki kifuani, sijui kamtoa wapi. Mgeni mmoja akauliza kwa hamu nani kashona.

"Huyu," Solange akasema, akaninong'oneza, "Mwanaidi, nguo zako tunazichukua. Ila zisifanane hata mbili."

Sare ya Mzungu sishoni tena, nimekoma. Kitenge kilichobaki nimeshonea mapazia, na juzi nimekaa dirishani na gauni langu lile, Mama Furaha akaingia, akaangaza macho chumba kizima, akaita, "Mwanaidi, uko wapi?"