Meza ya Mninga Ilipofika Kishapu

Juzi fundi seremala wa hapa Nyasubi aliniuliza kama nataka meza ya chakula ya viti vinne au sita, na mimi, mtu mzima na mvi zangu, nikabaki nimeduwaa. Mawazo yalikuwa yameshafika Kishapu, ndugu yangu, kwenye ua wetu, enzi ambazo meza tuliijua ya mwalimu na ya padri tu.

Sisi tulikula chini. Baba na wageni wake walikaa uani kwenye vigoda. Mama, bibi na sisi watoto tulikaa jikoni kwenye mkeka, tumezunguka sinia moja la ugali wa mtama. Bibi huyu alimzaa mama, akahamia kwetu alipofiwa na mume. Nafasi yangu ilikuwa ubavuni kwake. Alinimegea tonge, akalichovya kwenye mlenda, akalizungusha ili utelezi usidondokee gauni langu. Na michembe yake, vile viazi vitamu vikavu alivyovipika kwa karanga, usiniambie! Sijala tena chakula kitamu kama kile kilichopitia vidole vyake.

Kisha baba akaleta meza. Alikuwa akichimba dhahabu kule Kharumwa, na kwa mamantilie aliwaona matajiri na vibarua wakila meza moja, akaipenda desturi hiyo. Meza ya mninga na viti sita vilifika juu ya lori la pamba. Majirani walikuja kuipapasa. Baba akatangaza, kifua mbele: "Kuanzia leo nyumba hii inakula pamoja. Na mayu naye aje." Mayu ni mama kwa Kisukuma; ndivyo alivyomwita mama mkwe wake.

Hapo ndipo alipokosea. Kwetu mama mkwe hali mbele ya mume wa binti yake. Kumtazama akitafuna ni kumvunjia heshima. Baba aliyajua hayo tangu utoto, ila meza ilikuwa imemlevya. Bibi alijibu kutokea jikoni, kwa sauti ndogo: "Mkwe anione natafuna? Sura yangu nitaiweka wapi?"

Basi tukahamia mezani, bibi akabaki peke yake kwenye mkeka. Nami, sikufichi, nilimwacha. Nilikitaka kiti. Nilipenda miguu yangu ikining'inia, nilipenda kijiko. Siku ya nne au ya tano nilitumwa kuchukua sahani yake, nikakuta ugali haujaguswa. Alikuwa anachambua mboga ambayo ilikwisha kuchambuliwa. "Nimeshiba, mjukuu wangu," akasema. Niliona aibu mpaka machozi yakanitoka. Nikaibeba ile sahani hadi mezani, nikaiweka mbele ya baba.

Aliitazama kitambo. Hakunigombeza. Akachukua kigoda chake cha zamani, akatoka kwenda uani, na huko akampazia mama sauti: "Mwambie mayu meza ni yake. Mimi huku napunga upepo." Upepo gani wa Kishapu saa saba mchana? Kulikuwa na vumbi na mbuzi.

Miaka yote iliyofuata bibi alikula mezani nasi, akinimegea tonge kama zamani, na baba, mwenye meza, akala nje ametupa mgongo. Sikumsikia akilalamika hata siku moja.

Siku hizi wakwe wanaketi pamoja wakitaniana, na ni vizuri, sisemi vibaya. Lakini ile hali ya mtu kuondoka kwenye chake ili mwenzake apate kula, siioni tena, na inaniuma.

Tulipomaliza matanga ya bibi, baba aliingia ndani na sahani yake mkononi. Akasimama mbele ya vile viti, mzee wa watu, hajui aanzie wapi.

"Mayu alikuwa anakaa kipi?" akaniuliza.

Nilimwonyesha. Akakiacha hicho, akavuta kiti cha pembeni yake, akaketi, akaanza kula.