Fundi Anayenusa Kwanza

Fundi wetu wa sokoni Lautoka hashiki bisibisi kabla hajanusa. Mpelekee pasi au birika, atainamisha pua kwanza huku akinong'ona, kama anayembembeleza mtoto mwenye homa. Jumamosi ile nilimpelekea sufuria ya umeme ya mama mkwe wangu, Akanisi, naye akiwa ubavuni mwangu. Ilikuwa ikiandika E1, alama ya hitilafu, kwenye kioo chake na kukataa katakata kupata moto, na mchana wageni walikuwa wanakuja kumposa wifi yangu. Mafundi wawili walikwisha kusema itupwe.

Fundi akanusa. "Tui la nazi," akasema, akanitazama. Nikainamisha uso. Wiki moja kabla nilimimina tui bila kuweka bakuli la ndani, nikapangusa harakaharaka, na tangu hapo nilikuwa naapa sijui lolote.

"Nani kamwaga tui humu?" akafoka mama mkwe.

"Hakuna, mama," fundi akadakia. "Mvuke tu huo, huteremka wenyewe." Tayari alikuwa amefungua kitako. Kwa mswaki mkuukuu akasugua waya mwembamba wa kupimia joto, ulioota kutu ya kijani, akaukaza, akarudisha kitako na bakuli, akatia maji, akawasha. E1 ikafutika. Tukasubiri mpaka maji yakatokota.

"Vinaka! Vinaka!" mama mkwe akapiga kelele za shukrani, soko zima likageuka.

Fundi akaninong'oneza, "Bakuli kwanza, dada. Tui baadaye."

Nikaikumbatia sufuria, nikapita katikati ya soko kama nahodha aliyebeba kombe la raga.