Alitafuta Mpasuaji, Wakaja na Misumeno

Saa moja asubuhi, Daktari Jayshree anashona tumbo la Dorca, mke wa Oduor wa Dunga. Mtoto ametolewa dakika kumi tu zilizopita, na analia kwa hasira mikononi mwa nesi Perez. Mlangoni anangoja mvuvi aliyechomwa na ndoana kiganjani. Nyuma yake amekaa mzee wa Pap Onditi mwenye ugonjwa wa ngiri.

"Wote ni wangu," daktari anasema bila kuinua macho.

Mwandishi wa habari hii alidhani anatania. Wapi! Hospitali hii ndogo ya Kisumu, yenye vitanda ishirini na vinne, ina daktari mmoja tu wa upasuaji, na mwaka jana, 1953, alipasua watu mia sita na kumi na mmoja. Macho, matumbo, mikono, uzazi, vyote kisu kimoja.

Ana umri wa miaka thelathini na minane. Alizaliwa mjini hapa hapa, nyuma ya duka la nguo la baba yake, akasomea Bombay. Mezani kwake kuna barua ya London: amepata nafasi ya kusomea upasuaji wa mifupa kwa miaka miwili. Jibu linatakiwa liingie posta leo.

Akienda, nani atabaki? Kwa miezi mitano amewaandikia madaktari wenzake. Watatu wakajibu. Mmoja hutibu masikio tu, mwingine macho tu, wa tatu kifua tu. "Tumbo si kazi yangu," aliandika huyo wa kifua. Mwandishi aliisoma barua hiyo mara mbili, kinywa wazi.

Mshika mawili moja humponyoka, mwandishi alimkumbusha.

"Aliyesema hivyo," daktari akajibu, "hakuwa na wagonjwa wawili mlangoni."

Karani wa hospitali naye akataka kusaidia. Akabandika tangazo sokoni: Anatakiwa mpasuaji wa kila kitu. Jumatatu yake wakafika wanaume wanne, kila mmoja na msumeno begani.

"Nilitaka kukimbia," anasema Perez. "Nilifikiri wamekuja kutumaliza."

Mmoja wao ni Wepukhulu, mpasua mbao kutoka Kimilili. "Tangazo ilisema kila kitu," anajitetea. "Mimi napasua mvule, napasua mkaratusi. Nikauliza, magogo iko wapi? Nesi akanionyesha watu wamelala. Nikakaa chini."

Mji ulicheka wiki nzima. Daktari hakucheka. Alimwajiri Wepukhulu awe seremala wa hospitali, na kazi yake ya kwanza ilikuwa magongo ya Oduor.

Kwa maana Oduor hana mguu wa kulia. Mwaka juzi, akiwa mpakizi kwenye kinu cha pamba, robota la pamba lilimwangukia gotini. Daktari Jayshree aliukata.

"Anayejua mifupa angeuokoa," anasema. "Mimi nilijua kukata tu. Hakuna siku nimeusahau mguu ule."

Saa nne Oduor anaingia wodini, magongo yakigonga sakafu. Perez anamweleza habari ya London. Mwandishi alikuwa na hakika atamsihi daktari asiondoke. Asubuhi hii tu, bila mwanamke huyu, angezika mke na mtoto.

Oduor anamtazama mtoto wake muda mrefu. Anafunua shuka, anaigusa miguu yake midogo.

"Daktari, enda," anasema. "Mguu yangu ilikwisha. Huyu iko na mbili."

Perez anageukia ukuta, analia. Daktari amesimama kama aliyepigwa kofi, na mwandishi, ambaye ameandika habari nyingi za ziwa hili, hakujua pa kuweka macho.

Kabla ya saa sita daktari ameandika karatasi mbili. Ya kwanza inaiambia London kwamba anakubali, ila anaomba mwaka mmoja ampate wa kushika nafasi yake. Wanaweza kukataa, na anajua. Ya pili Wepukhulu anaipigilia langoni: Anatakiwa daktari wa kupasua watu, sehemu zote. Misumeno ibaki nyumbani.

"Nitarudi nikijua mifupa," daktari anasema, akivaa glovu kwa ajili ya mzee wa ngiri, "na matumbo sitayaacha." Anamtupia jicho mtoto wa Dorca. "Mwakani huyu atakuwa anatembea. Nataka nimwone kwanza, ndipo nipande ndege."