Siti ya Mbele ya Mama Eve

Aroni alihamia Mbeya baada ya mto kumchukulia shamba lake la vitunguu kule Ruaha Mbuyuni. Mkewe, Veneranda, alikuwa ametangulia karibu mwaka mzima. Alishona nguo kwenye kibanda cha mafundi Sokomatola, na alikuwa amepanga vyumba viwili Uyole. Binti yao Eveline walimwacha kwa bibi yake kule Kalenga, amalizie shule. Basi Aroni alikuja na begi moja na wazo moja kichwani: mke wangu amehangaika peke yake vya kutosha, sasa mwenyewe nimefika.

Asubuhi iliyofuata waliondoka pamoja ili amwonyeshe mji. Kituoni, kabla hata hawajasimama sawasawa, konda mmoja mrefu mwenye sweta la kahawia alimfungulia Veneranda mlango wa mbele wa daladala.

"Mama Eve, siti yako hiyo. Kuna mtu nimemhamisha."

Veneranda akacheka, kicheko ambacho Aroni alidhani kimebaki Ruaha Mbuyuni. "Sedekia, leo nipo na mume wangu."

"Ooh, karibu, shemeji." Konda akamnyooshea mkono. "Wewe utakaa huku nyuma na sisi."

"Shemeji kwa nani?" Aroni akauliza.

Sedekia alidhani ni utani, naye akacheka.

Njiani Veneranda alikuwa akigeuka kumtajia vituo. Hapa Sae. Hapa Soweto. Hapa Kabwe, ukitaka soko la Mwanjelwa unashukia hapa. Aroni hakushika hata jina moja. Masikio yake yote yalikuwa kwa konda, kila alipofungua mdomo.

Jioni, wakila, alishindwa kuvumilia.

"Yule konda mmejuana lini?"

"Siku nyingi. Tangu nilipofika."

"Analijua mpaka jina la mtoto wetu."

"Baba Eve, Uyole nzima inaniita Mama Eve. Ulitaka waniiteje?"

Aroni akarudia chakula chake. Kule kwao yeye ndiye aliyesimamisha malori barabarani na kupatana na madereva, na Veneranda akisubiri pembeni na mtoto mgongoni. Huku alikuwa anaongozwa yeye: shuka, vuka, ngoja kwanza. Na kila walipopita palikuwa na mtu wa kumsalimia mkewe, na Aroni akisimama kando kama mzigo uliosahauliwa. Lakini wengine aliweza kuwameza. Sedekia alimkwama kooni.

Alhamisi aliamua kwenda kumfuata kazini bila kumwambia. Alijisemea anakwenda kumpokea. Moyoni alitaka kuona nani anampakia jioni, na anacheka na nani. Alipofika kituoni, Sedekia alikuwa mlangoni mwa gari lake akiita abiria.

"Shemeji, Sokomatola hii, twende."

Aroni akageuza shingo kana kwamba hakusikia, akapanda gari lililotangulia bila kuuliza linakwenda wapi. Barabara si ni hiyo hiyo?

Ilikuwa hiyo hiyo mpaka Mafiati. Pale gari la juzi lilikuwa limekata kupanda mjini, hili likanyoosha. Konda wake alikuwa amesimama hapo hapo, wa kuulizwa. Aroni aliona akiuliza tu, gari zima litamjua kuwa ni mgeni. Iyunga ikapita. Watu wakaendelea kushuka mpaka akabaki peke yake.

"Mzee, mwisho wa gari," konda akamwambia. "Mbalizi hapa."

Alizunguka kwenye stendi akiipapasa simu mfukoni. Baridi ya jioni ilipoanza kuuma, akapiga.

"Uko wapi?" Veneranda akauliza.

"Nipo tu."

"Tu wapi?"

"Mbalizi."

Veneranda hakucheka. Alimwambia apande gari lolote linalorudi Uyole, ashuke Mafiati, atamkuta hapo. Na kweli alimkuta kando ya barabara, amejifunika kitenge, mkononi ana mahindi mawili ya kuchoma. Akampa moja.

"Hata mimi nilifika Mbalizi," alisema. "Wiki ile ya kwanza. Giza lilikuwa linaingia na simu imezima. Nikakaa chini nikalia. Sedekia siku zile alikuwa kwenye gari la njia hiyo. Alinirudisha mpaka mlangoni, akamwita mama mwenye nyumba anipokee."

"Hukuwahi kuniambia."

"Ungesema nirudi."

Aroni alitafuna mahindi bila kuyasikia ladha. Ni kweli, angesema arudi. Sasa alielewa kwamba hapakuwa na kitu kati ya hao wawili, na bado hakupata nafuu. Wivu ulikuwa umehama tu. Mkewe alilia, na aliyemwona akilia ni mtu mwingine. Jioni ile ya machozi haikuwa yake, na hakuna gari ambalo lingemrudisha huko.

"Nifundishe hizi njia," alisema mwishowe. "Polepole. Safari hii nitasikiliza."

Akazijua. Baada ya muda aliweza kumwelekeza mgeni pale Kabwe bila kusita. Na Sedekia wakazoeana. Walisalimiana kwa mikono, na Aroni akaitikia alipoitwa shemeji. Ila kila mlango wa mbele ulipofunguliwa na konda akasema, "Mama Eve, siti yako," Aroni alipanda haraka kukaa nyuma, akageukia dirishani.